Nilimfanya Mwizi Mtu Aliyempata Babu Yetu

Nilikosa mimi. Naanza hivyo kwa sababu kwa miezi mingi nimekuwa nikitafuta wa kumsingizia: mara shetani, mara pombe yetu ya mbege, mara maneno ya watu. Hapana! Nilikuwa na akili zangu timamu, nimekunywa chai, jua limewaka. Jina langu naomba mnisitirie tu, maana ukoo wetu kule Machame bado haujapoa.

Mimi ni fundi simu Moshi mjini. Miaka michache iliyopita mgeni mmoja, mtafiti wa mambo ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, aliniachia mashine yake ya kutambua chuma. Ilikuwa imekufa, naye alikuwa anarudi kwao. Nikaifungua, nikaifufua. Sisi tunaiita detekta. Unavaa vile vya masikioni, unaipitisha taratibu juu ya ardhi, ikipita juu ya chuma inalia.

Basi nikawa nateremka Kahe, kule tambarare ambako hao wakubwa walipigana. Mwenye shamba akishavuna, ukimwomba vizuri anakuruhusu. Unapata maganda ya risasi, vifungo vya makoti, vipande vya masanduku. Mke wangu alikuwa ananicheka: mtu mzima na familia yake anaokota vyuma chakavu!

Lakini nilikuwa na sababu. Bibi yangu ndiye aliyenilea. Babu yake, Ndekirwa, alichukuliwa na Wajerumani kuwabebea mizigo ya vita, na hakurudi. Kwetu mtu huzikwa kihambani, kwenye ardhi ya ukoo, katikati ya migomba. Huyo hakuzikwa popote. Baba yake Bibi alimwachia mzee wake nafasi, na Bibi akaitunza hiyo nafasi mpaka uzeeni. Hakuna aliyethubutu kupanda hata mgomba mmoja pale. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namwambia, "Bibi, nikikua nitamleta." Anacheka, ananipakulia.

Sasa sikilizeni wivu ulivyoniingia.

Nilikuwa na rafiki, nimwite Elia. Wazazi wake walitoka Singida kuja kufanya kazi mashamba ya miwa, yeye akazaliwa hukuhuku. Kijana mpole, mdogo kwangu, ananiita kaka. Nilimfundisha detekta mimi mwenyewe. Loo, kumbe nilikuwa najichimbia! Elia alikuwa na sikio. Mimi nikisikia mlio nachimba, natoa msumari. Yeye anasikiliza, anatikisa kichwa, anasogea hatua mbili, anachimba, anatoa chuma cha kufungia mkanda wa askari. Wageni wakija kuuliza habari za vita, wanaulizia "yule Elia". Mashine ni yangu jamani!

Siku moja nikampeleka Machame kwa Bibi. Alipomsalimia tu, "Shikamoo Bibi," na kukaa chini kumsikiliza, basi. Bibi alimweleza habari za Ndekirwa ambazo mimi sikuwahi kuzisikia. Kwamba alisoma kwa wamisionari, na kwamba alikuwa na tabia ya kuandika jina lake kwenye kila kitu alichokimiliki, hata jembe. Bibi akamwekea Elia machalari, ndizi zetu za nyama, kwenye sahani nzuri. Mimi nikaambiwa, "Wewe ni wa hapa, jipakulie." Mnaweza kucheka. Mimi niliumia hasa.

Kisha ikaja siku yenyewe. Nilikuwa nimebanwa na simu za wateja, Elia akaomba ashuke Kahe peke yake na mashine. Mchana nikapigiwa simu na shangazi yangu kutoka Machame, analia na kucheka. "Elia amempata babu! Ametutumia picha!"

Shangazi ndiye aliyeniambia. Elia aliwapigia wao kwanza!

Jioni, wenzangu wawili wa dukani wameshaondoka, alikuja mbio, vumbi mpaka kwenye kope. Akafungua kitambaa. Lilikuwa kopo la bati la kulia chakula, limebonyea upande mmoja. Pembeni limekwaruzwa kwa ncha ya kisu: NDEKIRWA. Chini yake jina la Machame, kwa tahajia ya Kijerumani.

"Kaka, samahani nilimpigia Bibi kwanza," akasema. "Nilifikiria umri wake, sikuweza kungoja. Lakini hili ni la kwenu. Kaa nalo wewe. Jumamosi ulipeleke kwa mkono wako."

Mnasikia? Alitaka mimi ndiye nilipeleke! Na bado moyo wangu haukutulia. Nilichokuwa nasikia ni sauti ya shangazi tu: Elia amempata, Elia amempata.

Bibi alikuwa ameshaagiza lizikwe Jumamosi kihambani, mahali pa Ndekirwa, na mchungaji aje. Wanaukoo wakapigiana simu hadi Bomang'ombe na Arusha. Kila aliyenipigia alianza na, "Huyo rafiki yako ni mtu wa ajabu." Ijumaa asubuhi nilikuwa nimeshaamua. Nitalificha kopo. Elia ataonekana ameliuza. Mwezi ukipita nitasema nimemfuatilia aliyelinunua nikalikomboa, na nitalileta mimi.

Nyumbani nisingeweza kuficha, mke wangu anafagia hadi uvunguni. Dukani tuko watatu. Nikapanda pikipiki mpaka Kahe, nikalifunga kwenye mfuko, nikalifukia kando ya mto chini ya mti niliouwekea alama. Nilijiambia kwamba mashine ninayo, nitalipata saa yoyote.

Jumamosi ikafika. Shimo dogo limechimbwa, chini ya migomba pamefagiliwa, mbege ipo, mbuzi ameshachinjwa. Bibi amevaa kitenge kipya, amekaa kwenye kiti kando ya shimo. Mchungaji akauliza, "Haya, liko wapi?"

Elia akanigeukia akitabasamu. "Kaka analo."

Nikasema, "Mimi? Hujanipa kitu."

Mungu wangu! Nilivyolisema kirahisi!

Elia alidhani natania. "Kaka, Jumatano, pale dukani. Kwenye kitambaa cha bluu."

"Elia, usinitie aibu mbele ya wazee wangu. Kama umeshalipeleka kwa wageni wako, sema."

Baba yangu mdogo akasimama. "Picha tuliiona. Kitu chenyewe kiko wapi? Umekiuza?" Mwingine nyuma akasema, "Mtu wa kuja ni wa kuja tu." Mtu aliyezaliwa hapa hapa, jamani! Wakamzunguka, wakamsukuma hadi getini. Hakurusha hata mkono. Aliniangalia tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alinikosea nini.

Bibi aliomba arudishwe ndani. Shimo likabaki wazi, ikabidi nilifukie mimi, tupu.

Nilipanga kungoja mwezi. Wiki ya tatu mvua za masika zikashuka vibaya. Mto ukapanda, ukala kingo, ukaingia mashambani. Maji yalipopungua nilikimbia na mashine yangu. Mti haupo. Ukingo wenyewe haupo! Palikuwa na tope na mchanga mpya, laini, kama vile hapajawahi kukanyagwa. Nilipitisha mashine kutwa nzima. Nilirudi kesho yake, na wiki iliyofuata. Haikulia hata mara moja.

Nikabaki na uongo ambao sikuweza tena kuurekebisha.

Bibi hakukaa sana. Siku zake za mwisho nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Mchana mmoja akanishika mkono. "Mjukuu wangu, Elia aliniumiza kuliko waliomchukua babu. Hao hawakula kwangu." Mdomo wangu ulikuwa pale pale, karibu na sikio lake. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Ningesema! Nikafuta uji kwenye kidevu chake, nikachota kijiko kingine.

Siku mbili baadaye alifariki.

Baada ya mazishi nilichuma jani la sale, nikalifunga fundo. Kwetu ukimpelekea mtu jani hilo unamwomba msamaha, na si rahisi kulikataa. Elia si Mchagga lakini amekulia hapa, anajua. Nilimkuta kwao, kwenye nyumba za wafanyakazi wa miwa, anafua shati. Nilipiga magoti. Nikamweleza yote, hadi mto.

Alikausha mikono kwanza, akalipokea jani.

"Mimi nimekusamehe, kaka," akasema. "Lakini Bibi amekufa akijua mimi ni mwizi. Huko utapeleka jani gani?"

Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Kwenye ukoo nimeshasema. Niliwaita, nikasimama, nikasema. Shangazi alitoka nje hakurudi. Baba mdogo alikwenda kwa Elia kuomba radhi kwa niaba ya wote, na mimi akaniambia nisionekane kihambani mpaka nitakapoitwa. Sijaitwa. Mke wangu bado yupo, lakini nikileta habari yoyote nyumbani, hata ya bei ya sukari, anamuuliza mtu mwingine kama ni kweli.

Ndugu yangu unayesoma hapa, labda na wewe una rafiki aliyepata kile ulichokuwa unakitafuta miaka yote. Najua inavyochoma! Kulia ruhusa, kununa ruhusa, kaa hata wiki nzima usimpigie. Lakini usifungue kinywa kusema uongo juu yake ukijiambia utaurekebisha baadaye. Na kama umeshausema, na aliyedanganywa bado anapumua, weka simu chini uende sasa hivi. Mimi nilikuwa na mchana mzima, na kijiko mkononi.