Picha Niliyopiga Bila Kusalimia

Mwanangu, kuna Jumapili moja kijijini kwetu Kibabi ambayo mpaka leo naikumbuka vizuri. Nilikuwa kijana wa kujiona, mashine ya picha shingoni. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mashine hiyo niliachiwa na mzungu wa shamba la kahawa nililofanyia kazi, alipohama. Kupiga nilijifunza mwenyewe kwa kuharibu. Filimu nilimpa dereva wa lori azipeleke Goma zikasafishwe, kisha nikangoja roho juu.

Katekista wetu, Papa Petro, baba yetu sote, aliniruhusu kuonyesha picha zangu katika darasa la kanisa baada ya misa ya mavuno. Nilizibandika ubaoni kwa uji wa muhogo. Usicheke, gundi ningeitoa wapi? Nilijua watu wakichukizwa siku hiyo, hakuna atakayeniruhusu tena kumpiga picha.

Mwanzoni walifurahi sana, wakabishana nani ametoka mnene. Kisha wakafika kwenye picha niliyoiona bora kuliko zote: Mama Bahati, mjane jirani yetu, ameinama na jembe shambani, ametugeuzia mgongo, nguo imechanika begani. Mwenyewe alikuwa amesimama palepale, amevaa nguo zake za kanisani. Alitazama, akajifunika uso kwa kitambaa, akatoka.

Papa Petro akanigeukia.

"Ulimusalimia?"

"Hapana, Papa. Angegeuka, picha ingeharibika."

"Mutu mwenye anapita nyuma ya mama mwenye analima, ananyamaza, huyo iko mwizi. Sasa wewe iko nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu hata waliogombana husalimiana shambani, na mimi nilikuwa nimejibandikia ushahidi mbele ya kanisa zima. Akaniamuru niibandue, nimpelekee mwenyewe na kumwomba msamaha.

Nilimkuta Mama Bahati jikoni kwake anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikampa picha kwa mikono miwili, nikasubiri matusi. Aliipokea, akaisogeza karibu na mlango penye mwanga.

"Siyaonaka mugongo yangu hata siku moja," akasema polepole. "Huyu iko mama yangu. Njo vile alikuwa anainama."

Mama yake, aliyeinama vivyo hivyo alipolima, alikuwa amekufa zamani, bila picha hata moja. Akalia, nami nikalia, na sioni aibu kukuambia. Kisha akajifuta machozi, akanirudishia picha.

"Rudisha ku ubao, watu wamuone. Magaribi uniletee, iko yangu."

Mwanangu, sasa nawe unataka kuonyesha watu picha zako, na mimi nakufurahia. Lakini salimia kwanza, hata kama picha nzuri itakuponyoka, utapata nyingine. Na kabla hujamwonyesha mtu kwa wengine, mwonyeshe yeye mwenyewe, umsikie atakavyosema. Mimi namshukuru Papa Petro aliyeniaibisha mchana kweupe, na namshukuru zaidi yule mama. Angeweza kunifukuza, na angekuwa na haki. Badala yake aliniachia kazi niliyoipenda maisha yangu yote.

Mungu akupe jicho zuri, akupe na mtu wa kukukemea mapema, na popote utakapofika watu wafurahi kukuona.