Aliyoyasikia Nyuma ya Shuka

Wifi yangu ni fundi rangi. Amepaka kuta za ghorofa nne akiwa juu ya ubao unaoning'inia, huku akiwatania wanaume walioshika kamba chini. Tangu afanyiwe upasuaji wa uvimbe wa kizazi, hata ngazi fupi inamshinda. Akipiga brashi kidogo, moyo unamwenda mbio, pumzi zinakata, anakaa juu ya ndoo ya rangi.

Siku ya upasuaji walimchoma sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni kushuka chini akafa ganzi, lakini masikio yalikuwa kazini. Presha ikashuka ghafla. Nyuma ya shuka waliyomkingia kifuani akasikia:

"Umempa ipi?"

"Ya kupandisha presha."

"Umeichanganya na maji?"

Kimya. Kisha kichwa kikataka kupasuka, kifua kikabana, watu wakaanza kukimbizana.

Daktari wa moyo alimwambia hawezi kumtibu kwa kubahatisha. Lazima ajue alipewa nini na kwa kiasi gani. Tukarudi kwa mtaalamu wa usingizi aliyemhudumia, mzee mpole, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Ni woga tu, mama. Moyo ukishtuka huwa hivyo."

"Woga? Mimi?"

"Wala si aibu."

Damu ilinichemka. Umlaze mtu hawezi hata kusogeza kidole cha mguu, ukosee, kisha kosa lako umvike yeye? Tena kwa upole, kama unamfanyia hisani.

Nikamshika wifi mkono tuondoke. Akaukung'uta.

"Niache, wifi, hiki kiti nimekipenda." Akamgeukia yule mzee. "Baba, siku ile uliulizwa kama umeichanganya, ukanyamaza. Leo nakuuliza mimi."

"Kumbe ulisikia?"

"Mlichokitia ganzi ni miguu."

"Haikuchanganywa," mzee akasema. "Iliingia kali vilevile, yote kwa mkupuo mmoja. Pole sana."

"Pole ya dawa, au ya kuniita mwoga?"

Akatuandikia jina la dawa na kiasi chake, tukampelekea daktari wa moyo. Msuli wa moyo umeumia, akasema. Huenda ukapona, huenda usipone. Amempa dawa, na amemkataza kupanda popote.

Siku hizi wifi anapaka sehemu za chini tu, zile anazozifikia akiwa ameketi. Za juu anapaka mwingine, ovyo, na kila mstari uliopinda wifi anautukana kwa sauti ya chini. Mimi namtukana yule mzee.