Breki ya Mbele ya Pikipiki ya Marehemu

Mume wangu alifariki kitandani, kwa homa, na pikipiki haikuhusika. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia habari ya breki hudhani kulikuwa na ajali. Hapakuwa na ajali. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa ukutani upande wa jikoni, ikabaki palepale muda wote wa eda yangu. Niliiona kila nilipotoka kuchota maji, na nilivyoliona pipa la maji ndivyo nilivyoiona na yenyewe.

Ilikuwa ya Kijapani, kuukuu, kongwe kuliko ndoa yetu, yenye breki ya diski kwenye gurudumu la mbele. Aliachiwa na baba yake mdogo. Asubuhi alinipeleka Mikindani, kwenye zahanati ninakofanya kazi ya uuguzi, ndipo akaenda kazini kwake Naliendele, na jioni alinifuata.

Eda ilipokwisha, mdogo wake marehemu alikuja kunishauri niiuze.

"Inakukumbusha mengi, shemeji," alisema.

Sikumwambia kwamba hainikumbushi chochote. Nilimwambia kwanza itengenezwe breki. Mpaka leo sijui kwa nini nilisema hivyo. Lilikuwa jambo la kwanza kulitaka tangu msiba, na hata huko kulitaka kulikuwa kwa mbali mno.

Nikaikokota hadi kwa fundi mmoja wa mtaa wa pili, Mmakonde wa Newala, mtu mzima asiye na maneno mengi. Alipoubana mkono wa breki, uliingia wote mpaka ukagusa usukani. Akauachia, akaubana tena.

"Mama, mwenyewe alikuwa anasimamaje?"

"Kwa breki ya nyuma. Na gia."

"Maana hii ya mbele nnaona ni jina tu."

Akafungua. Kile kibano kinachoishika diski kilikuwa kimeliwa na chumvi ya bahari, na pistoni yake imeganda. Mpira unaoteremsha mafuta ya breki ulikuwa umechoka. Alinishikisha huku akibana, nikausikia ukivimba chini ya vidole vyangu. Nguvu yote ya mkono iliishia humo, haikufika kwenye gurudumu.

Ndipo nilipoelewa jambo. Miaka yote niliyokaa nyuma yake, alianza kupunguza mwendo mbali kabla ya mteremko wa kushukia Mikindani, na bodaboda zote zikatupita. Nilikuwa nikijiambia kwamba anaendesha hivyo kwa kunijali. Hata wifi zangu niliwahi kuwasimulia. Kumbe ni mpira uliochoka. Nilikaa kwenye benchi la fundi nikingoja hilo liniume. Halikuniuma. Nikauliza kama spea zinapatikana.

Fundi alishauri tuing'oe breki yote, tufunge gurudumu la breki ya kawaida kama za bodaboda.

"Hapana," nikasema. "Nataka hiihii ishike."

Akanituma kwenye duka la spea mjini, la mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akiswali msikiti mmoja na mume wangu. Mzee alinipa pole, akamwombea marehemu, kisha akatoa kabatini mpira wa breki uliofumwa kwa nyuzi za chuma.

"Huu hauvimbi," alisema. "Mumeo aliuulizia, binti yangu. Alisema, 'Breki haishiki na mke wangu hukaa nyuma.' Sikuwa nao. Nikaagiza Dar, ukaja na basi, na yeye akawa hayupo."

"Sawa," nikamjibu.

Nikaupokea, nikauweka kwenye mkoba. Nje jua lilikuwa kali. Nilisimama kidogo kibarazani, nikajaribu kulia, kwa sababu niliona ndipo mahali pake. Machozi hayakuja. Nikaenda zangu.

Fundi aliisugua diski kwa msasa mpaka ikarudi kuwa nyeupe, akabadilisha pistoni na raba zake, akaweka pedi mpya, akaufunga ule mpira. Kutoa upepo kwenye mafuta ya breki kulihitaji watu wawili, basi mimi nikashika mkono wa breki naye akainama chini kwenye kijinati cha kutolea upepo.

"Bana. Shikilia. Achia."

Mafuta yalitoka meusi yakiwa na mapovu, kisha yakatoka masafi. Taratibu mkono wa breki ulianza kunikatalia. Mwishoni ulisimama katikati, mgumu, nikaubana kwa nguvu zangu zote na hauendi.

Kuendesha nilijua tangu kabla ya kuolewa, basi niliijaribu kwenye barabara ya Mikindani. Nilipofika kwenye mteremko, mama mmoja mwenye beseni la mihogo kichwani akakatiza mbele yangu. Nikabana. Pikipiki iliinama mbele, ikasimama, kifua changu kikagonga tangi.

"Polepole, mwenzangu," yule mama alisema, akapita.

Nilibaki pale na kiganja kinaniuma. Maumivu yale niliyasikia vizuri.

Shemeji alirudi Ijumaa baada ya swala.

"Imepata mnunuzi?"

"Haiuzwi. Nitakwenda nayo kazini."

"Mjane juu ya pikipiki, shemeji. Watu watasema."

"Waseme."

Aliiendea pale ukutani, akaubana mkono wa breki, akaubana tena.

"Imeshika," alisema. "Kaka aliisumbukia sana hii."

Nikamtilia chai, tukanywa. Jumatatu nilivaa sare yangu, nikafunga mtandio vizuri, nikaitoa pikipiki uani.