Miguu Isiyorudi Kupimwa

Mratibu wetu alipenda kuniita "msomi" mbele ya wagonjwa, nao wagonjwa walicheka kabla hawajajua wanachekea nini. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, nikapata mkataba mfupi wa kutunza takwimu za utafiti, na nusu ya meza katika nyumba ya kupanga iliyokuwa ofisi yetu pale Kalangalala, mjini Geita. Nusu nyingine ilikuwa yake. Kila nilipofuta kitu alinitazama.

Tulikuwa tunalinganisha dawa mbili za kupaka vidonda vya miguu vya wachimbaji wadogo: ile iliyozoeleka na moja mpya. Aliyekubali kushiriki alifunguliwa bahasha, na bahasha ndiyo iliyoamua apewe ipi. Si daktari, wala si yeye mwenyewe. Baada ya wiki kumi na mbili alitakiwa arudi, tupime kidonda, tuandike kimefunga au hakijafunga. Hatukutaka kingine kwake.

Siku ya mwisho ilipopita, watu kumi na wanne hawakuwa wamerudi. Niliwapanga kwa dawa zao. Kumi na mmoja walikuwa wa dawa mpya. Nilihesabu mara tatu, kisha nikaenda na orodha chooni nikahesabu tena, mbali na macho yake.

"Hao wamepona," alisema nilipomwonyesha. "Mtu akipona arudi kliniki kufanya nini? Kutusalimia?"

"Au waliacha dawa."

"Msomi, kuna rashi mpya huko, dhahabu imetoka, watu wanaikimbilia. Mtu mwenye kidonda kibichi ataingia duarani, ashuke shimoni? Wamekwenda kuchimba, kwa hiyo miguu imepona. Weka 'kimefunga' kwa wote kumi na wanne, tia sahihi yako."

Kibaya ni kwamba hakuwa mjinga. Huenda ilikuwa kweli. Lakini mimi nikishapewa jambo huwa siwezi kuliacha lilale. Bahasha zilikuwa zimegawa watu kwa nasibu ili makundi mawili yafanane. Kuondoka hakukuwa kwa nasibu. Kila mmoja aliondoka kwa sababu yake, na kwa baadhi yao sababu hiyo ingeweza kuwa kidonda chenyewe. Tukijaza kwa kukisia, makisio yetu yangegeuka sifa ya dawa, na kesho daktari wa mbali angempaka mtu dawa hiyo akituamini.

Nilimweleza hayo.

"Mkataba wako unaisha mwezi huu," alijibu. "Unadhani barua ya kuuongeza inaandikwa na nani?"

Niliomba siku tatu za kuwatafuta. Akanipa mbili.

Wengi walikuwa wameandikishwa kwenye machimbo ya jirani na Segese. Nilifika asubuhi na orodha mkononi, nikawakuta wanaume wamekaa kando ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Nikasalimia, nikasema natafuta watu waliokuwa wakitibiwa miguu kwetu. Nikataja wa kwanza. "Amekwenda wapi?"

Mmoja aliinuka akazima mashine.

"Unamtaka yeye, au unataka alikokwenda?"

Kule hakuna swali baya kuliko hilo langu, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Mchimbaji akisikia dhahabu imetoka mahali, huondoka kimya, akaacha turubai na dumu lake la maji ili jirani adhani yuko sokoni. Anayeuliza amekwenda wapi anauliza dhahabu iko wapi. Mimi nilikuwa nimekuja kuulizia orodha nzima ya watu, kalamu mkononi.

"Huyu katumwa na wanunuzi wa Geita," alisema mwingine. "Siku hizi wanatuma wadada."

"Dada, mguu wangu huu hapa, unauma! Nipime mimi, sijakimbia!"

Aliyezima mashine alininyang'anya orodha. "Huyu wa tatu mbona nilimzika mimi?"

"Ulimzika lini?" niliuliza, nikajikuta nimefungua daftari.

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na maji. "Andika, andika! Nilimzika na sururu yake!"

Nilirudishiwa karatasi ikiwa na alama ya kidole chenye matope. Simu zote nilizopiga hazikupatikana. Hasira yangu iliwaangukia wao kwanza, kisha ikatugeukia sisi, maana fomu yetu iliuliza namba ya simu na kambi tu, kana kwamba watu hawa walizaliwa kambini. Ni fomu moja tu ambayo muuguzi alikuwa ameandika pembeni, kwa hiari yake: kwao Didia, nyumba ya pili kutoka kisimani.

Kesho yake nilikuwa Didia. Mwanamke alikuwa uani akikata viazi vya michembe na kuvianika juu ya mawe.

"Shikamoo, mama."

Kisu kiliendelea.

"Nyie ndio wa dawa ya moto?" aliuliza hatimaye. "Mnampaka mtu pilipili, akikimbia mnamfuata mpaka kwake?"

Mumewe alikuwa amekaa barazani, mguu umefungwa kipande cha kanga. Nikamwambia kambini wanaamini yuko kwenye rashi. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Niliwaambia hivyo. Ukisema unarudi nyumbani na mguu mbovu, jioni hiyo hiyo nafasi yako duarani ina mtu. Ukisema unakwenda rashi, wanakutunzia, wanangoja uwaite."

Kumbe wale wa Segese walikuwa wananificha siri ambayo haikuwepo, na mratibu wangu alikuwa anaipa dawa sifa kwa uongo uleule.

Dawa hiyo mpya ilimchoma, akaiacha wiki ya tatu. Nilifungua kanga, nikapima. Kidonda kilikuwa kimepanuka kuliko siku aliyoandikishwa, na kilikuwa kinanuka.

"Umepima," mkewe alisema. "Halafu?"

"Inabidi aende kituo cha afya leo."

"Kwa mguu upi?"

Nikaita bodaboda. Tulimpandisha sisi wawili, yeye mbele ya mkewe, na mama huyo aliponipita hakuniaga. "Ukaandike ulichokiona," alisema tu. "Usije ukaandika amepona."

Mratibu aliisoma fomu ile akiwa amesimama.

"Mmoja. Siku mbili, umeniletea mmoja."

"Hakwenda rashi. Alisema tu anakwenda."

"Na hao kumi na watatu?"

"Sijui."

"Basi kama wewe hujui, jaza ninachojua mimi."

Alikuwa na haki ya kusema mguu mmoja hausemi habari za miguu mingine. Nilikuwa nimejiambia hivyo njia nzima. Kwa hiyo sikumwomba aandike kwamba hawakupona. Nilimwomba tuwaache kama wasiojulikana, kisha tupige hesabu mara mbili: mara ya kwanza tukidhani wote wamepona, mara ya pili tukidhani hakuna aliyepona, na msomaji aonyeshwe zote mbili. Nilikuwa nimeshazipiga. Katika ya kwanza dawa mpya ilishinda. Katika ya pili ilishindwa. Nikamsogezea karatasi.

Aliirudisha upande wangu. "Unataka niandike kwamba kazi yangu yote haijui ilichokiona?"

"Nataka tuseme ni watu wangapi hatukuwaona."

"Toka kwenye meza yangu."

Nilihamia sakafuni. Nikaandika "haijulikani" kwenye fomu kumi na tatu, moja moja, na sababu: hakupatikana, alitafutwa. Chini yake sahihi yangu. Kwenye ya kumi na nne nikaandika "hakijafunga" na kipimo. Mratibu alikuwa akipiga simu kwa sauti, akimwambia mtu kwamba vijana wa siku hizi hawafundishiki. Nikazitia zote kwenye sanduku la wakaguzi wa utafiti, lile ambalo yeye hana ufunguo wake.

Mkataba haukuongezwa. Wale kumi na watatu sijui habari zao mpaka leo. Huenda wapo waliopona kabisa wiki ya sita, wakapata dhahabu, na wakisikia habari yangu watacheka kama wale wa kwenye karasha. Wacheke. Fomu zao nimeziacha zikisema kweli, kwamba hatukuwaona.