Msuko wa Edilma Ábrego

Edilma Ábrego alishindana miaka ishirini na miwili kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Juan Díaz, na karibu kila mwaka uliacha alama mwilini mwake: bega lililoshonwa, vidole viwili visivyokunjika, na pengo la meno manne ya mbele, kazi ya farasi mmoja aliyerusha kichwa nyuma. Bega watu walilijua. Pengo hawakulijua, kwa kuwa alivaa meno ya bandia, na akicheka aliziba mdomo kwa kiganja kama bibi harusi. Mwanamke aliyepenya katikati ya farasi wawili pasipopita hata paka, anaogopa pengo!

Mwaka mmoja baba yake, mzee Eustorgio, alipooza miguu. Edilma akamwekea nadhiri Kristo Mweusi, sanamu ya Yesu katika kanisa la Portobelo: baba akisimama, msuko wake uliofika kiunoni utakatwa kanisani siku ya sikukuu, Oktoba ishirini na moja, ushonewe wigi la sanamu. Agosti, baba akasimama.

Jumapili kabla ya sikukuu ilimkuta Edilma amefungana kwa idadi ya ushindi na mpanda farasi mwenzake, Aurelio Quintero, na imebaki mbio moja ya msimu. Alikuwa ameshika nafasi ya pili mara tatu. Ubingwa hakuwahi kuuonja. Siku mbili hakula, apunguze uzito. Alikimbia juani amevaa koti la plastiki mpaka midomo ikapasuka. Hata hivyo, alipopanda mizani na tandiko lake, mshale ulipita alama ya uzito unaoruhusiwa kwa upana wa ukucha.

"Dakika tano," alisema mpimaji. "Ukishindwa, anapanda mwingine."

"Kata hilo linywele, binti!" alifoka mkufunzi wake, Belisario. "Utampelekea Kristo kwenye mfuko, atakataa?"

"Nilisema kanisani, mzee. Hapa ni kanisani?"

"Mama, nenda kapike," Aurelio akachomekea. "Ubingwa niachie mimi."

Edilma alikwisha bandua soli za viatu. Hakikubaki kitu cha kuvua. Akapitisha ulimi mdomoni, akasita. Kisha akang'oa meno yake mbele ya chumba kizima, akamkabidhi Belisario.

"Unakodoa nini?" akamuuliza Aurelio, maneno yakivuja upepo.

Mshale ukatulia kwenye alama.

Mvua ilinyesha. Edilma alimbana farasi wake Candelosa kwenye uzio wa ndani, akala tope mpaka mita mia za mwisho, akamwachia. Walimpita farasi wa Aurelio kwa pua tu. Belisario, aliyekuwa ameyatia meno ndani ya kofia na kuivaa, aliirusha kofia juu kwa furaha. Meno hayakuonekana tena. Katika picha ya ushindi bingwa anacheka kinywa wazi, mikono yote miwili shingoni mwa farasi.

Siku ya sikukuu mzee Eustorgio alishuka basini Portobelo na fimbo yake, akafuatana na bintiye hadi madhabahuni. Mkasi ukafanya kazi. Edilma alipapasa kisogo, akakikuta kitupu na chepesi, na machozi yakamlenga.

"Nitaonekanaje, baba? Sina nywele, sina meno."

"Mimi nina miguu, mwanangu," alisema mzee, akamwachia fimbo aishike, akatangulia kutoka.