Ndala za Mbele ya Friji

Wiki iliyopita tulimzika baba mkwe wangu, fundi wa umeme wa majumbani. Wengi waliokuja kutupa pole walimwita Mzee Testa, kwa sababu ile bisibisi yenye taa ndani ya mpini haikutoka mfukoni mwake hata akivaa suti. Msibani kila mtu alikuwa na kisa chake. Changu ni cha siku alipokaribia kuvunja ndoa yangu kabla haijafungwa.

Kwetu kulikuwa na friji kubwa ya bati, imekaa sebuleni kwa kuwa jikoni haikuenea. Mbele yake zilikaa ndala za mpira, jozi moja, za watu wote. Ukitaka maji ya baridi unavaa ndala kwanza, ndipo unafungua. Ukisahau, friji inakung'ata vidole, unapiga yowe, na wenzako wanacheka: "Hukubisha hodi!" Tulikua hivyo. Wageni tuliwaambia "vaa ndala" kama nyumba nyingine zinavyosema "vua viatu".

Siku wakwe walipokuja kuposa, mama mkwe alimwonya mumewe njiani: "Leo wewe ni baba wa bwana harusi. Ukigusa soketi ya watu, narudi nyumbani peke yangu." Akampekua mifuko, akamnyang'anya testa, akaitia kwenye mkoba wake. Hakujua kuwa nyingine iko kwenye soksi.

Nilikaa karibu na mlango, macho chini, moyo juu. Baba yangu, mtu wa maneno mengi na mpenda heshima, alifungua kwa sala, kisha akaingia kwenye historia ya ukoo wetu tangu babu wa babu. Mzee Testa alisikiliza kwa adabu. Lakini niliona macho yake yametua kwenye zile ndala, hayabanduki. Akaitazama friji. Akaufuata waya kwa macho mpaka kwenye plagi. Jasho likaanza kumtoka.

Hapo hapo binti wa kaka yangu, mtoto ambaye hajaanza hata shule, akachomoka bafuni mbio, maji yanamchuruzika, miguu mitupu, anaelekea kwenye friji alikojua kuna soda za wageni.

Mzee hakusema samahani. Aliruka meza. Juisi ikammwagikia baba kwenye shati jeupe, na mtoto akajikuta kanyakuliwa juu juu, analia. Kwa mkono wa pili mzee akazima soketi, akachomoa plagi.

"Mzee," baba akasema polepole, juisi ikimdondoka, "umekuja kuposa au kukagua nyumba yangu?"

Mama mkwe akaficha uso nyuma ya mkoba.

"Nisamehe, mzee mwenzangu. Hii friji inapiga?"

"Inapiga kidogo tu," mama akadakia. "Ndiyo maana kuna ndala."

"Na plagi ya miguu mitatu aliiondoa nani?"

Kaka akatoa kifua mbele. "Mimi. Soketi yetu ina matundu mawili, nikaweka plagi kama ya redio. Mbona redio ina miguu miwili na haijampiga mtu?"

Nilimwona mzee akisahau kuwa yuko ugenini. Uso ulimchangamka. Akamkabidhi mama mtoto, akaishusha redio kutoka rafuni, akaigeuza na kumwonyesha kaka alama ndogo mgongoni: mraba ndani ya mraba.

"Swali zuri, mwanangu. Alama hii inasema redio imevaa shati na koti. Waya una gamba lake, na juu yake kuna plastiki nyingine. Shati likichanika, koti lipo. Haihitaji mguu wa tatu. Friji yenu ina shati tu, koti hakuna, na ngozi yake ni bati. Shati likichanika, umeme uko mlangoni. Ndiyo maana waliitengenezea njia, waya wa ethi, kutoka kwenye bati mpaka ardhini. Umeme ukitoroka unapita huko, fyuzi inakatika. Wewe umeiziba njia hiyo. Sasa umeme unamngoja mwenye miguu mitupu, ndiye awe njia."

"Maneno," akasema baba.

Mzee akainama, akachomoa testa.

"Kwenye soksi! Ee Mungu wangu!" mama mkwe akalia.

Mzee akairudisha plagi, akawasha soketi, akagusisha testa kwenye mlango wa friji. Kitaa kikawaka, chekundu. Akachomoa plagi tena. Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa amempakata mjukuu, anamfuta miguu kwa upindo wa gauni lake, anaifuta tena na tena ingawa ilishakauka.

Baba akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Namjua baba yangu: ukimwaibisha mbele ya watu, hamsalimiani tena. Mchumba wangu alinitazama kutoka ng'ambo ya meza. Niliomba pale pale kitini, sala ya neno moja: arudi.

Alirudi amevaa shati jingine. Akaketi. Akamtazama mjukuu, akaitazama friji, akamtazama mgeni.

"Haya," akasema. "Soda zinapata moto. Tumalize haraka."

Kesho yake Mzee Testa alikuja na nyundo, soketi mpya na fimbo ndefu ya shaba, akaipigilia ardhini nyuma ya ukuta. Nyuma ya friji akakuta waya umesuguana na bati mpaka gamba limelika, akaubadilisha. Baba alijiwekea kiti nje amsimamie, akilalamika kwamba anamharibia maua. Jioni walikuwa wanaitana mkwe na kubishana habari za mpira.

Zawadi yake ya harusi kwetu ilikuwa waya wa kurefushia umeme kutoka kwenye soketi, wa plagi ya miguu mitatu, ameufunga utepe. Wanangu aliwafundisha kutafuta ule mraba kwenye kila kitu cha umeme kinachoingia ndani. "Ama ethi, ama nguo mbili," alikuwa akisema. "Kisicho na hata kimoja, kibaki nje." Nilipomtania kwamba mcha Mungu hana haja ya kuogopa waya, alinijibu, "Namwomba ailinde nyumba, mama. Lakini hajaniambia niache kukaza skrubu."

Mungu alimchukua kitandani kwake, kwa upole, wanawe wamemzunguka. Nashukuru kwa hilo, ingawa moyo bado haujakubali.

Juzi, wageni wa msiba walipopungua, mama yangu aliingia jikoni kwangu kutafuta maji. Amezeeka, anatembea kwa kushika ukuta. Akaweka mkono kwenye mlango wa friji, kisha akasimama, akiangalia chini. Nikadhani ni kizunguzungu.

"Mama?"

"Niko pekupeku," akasema.

Akafungua, akamimina maji, akanipa mimi kwanza.