Ubelgiji ya Katoyi

Mama alifanya sherehe ya kuniaga kabla visa haijatoka. Kwaya ya wamama wa parokia yetu ilikuwa na nafasi Jumapili moja tu kabla ya Kwaresima, naye hakuona sababu ya kungojea karatasi wakati waimbaji wapo. Nilikuwa nimekubaliwa kusoma semesta moja katika chuo kimoja cha Ubelgiji, miezi minne na siku chache, kisha nirudi Goma kumaliza mwaka wangu. Baba, ambaye ni mwalimu, aliwaeleza wageni jambo hilo mara mbili. Hakuna aliyemsikia. Mjomba wangu aliyetoka Butembo alisimama akaniusia nisiolewe na mzungu asiyekula fufu, na nikirudi na cheo niikumbuke barabara ya kwao. Wamama walilia. Bibi mmoja ambaye hakunijua kabisa alilia kuliko wote. Nami nililia, maana kukaa macho makavu mbele ya watu wale kungekuwa utovu wa adabu.

Siku nne baadaye dosiye yangu ya kuomba visa ikarudishwa: picha haifanani na mwenye pasipoti.

Ilikuwa kweli. Mpiga picha wa mtaa wa Birere alikuwa amenionea huruma. Kwenye kompyuta yake alinipunguzia weusi, akafuta kovu la kidevu, akanipa pua ya mtu mwingine. Nikapiga picha mpya, yenye uso wangu, nikaituma.

"Basi Jumapili nitaenda misa niwaeleze watu," nikasema.

Mama akaacha kutwanga majani ya sombe. "Misa gani? Watu walikula, walilia, kwaya iliimba. Weye uko Ubelgiji."

"Mama, niko jikoni."

"Uko Ubelgiji. Na usitoke inje."

"Huo ni uongo," baba akasema.

"Ni wiki moja tu. Mungu anajua visa zinachelewaka."

Baba akarudi kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake.

Hivyo nikahamia Ulaya, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu mtaani Katoyi, ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa mawe ya volkano. Wiki moja ikawa tatu. Nilioga majirani wakiwa sokoni. Mama alizoea upesi kuwa na mtoto wa mbali. Nilimsikia mlangoni akimwambia mgeni kwamba nimenenepa kidogo, ila chakula cha kule hakina ladha. Sahani yangu ya sombe ilikuwa mkononi mwake.

Halafu kiongozi wa kwaya akanipigia kwa WhatsApp. Mama akanisukumia simu niipokee.

"Mutoto wangu! Kule iko baridi?"

"Iko baridi sana, mama," nikajibu, jasho likinitoka.

"Na theluji uliiona?"

"Ilianguka jana."

Jogoo wa jirani akawika chini ya dirisha.

"Na kuku ziko pia?"

"Ziko, mama. Kubwa kabisa."

"Mungu ni mukubwa," akasema, akiniamini. Nilipokata simu nilijiona mwizi. Yeye ndiye aliyekuwa amenishonea nguo ya kuagia.

Jumamosi moja asubuhi, nikiwa naoga, ardhi ikatikisika. Goma tumezoea: vyombo vinalia kabatini, tunatoka, tunautazama mlima wa volkano, tunarudi ndani. Miguu yangu haikuomba ruhusa ya mama. Nilijikuta katikati ya barabara nimejifunga kikwembe tu kifuani, povu la sabuni kichwani, mtaa wote umesimama. Kiongozi wa kwaya, aliyekuwa anapita kwa pikipiki, akateremka.

Hakuna aliyeutazama mlima tena.

"Mutoto," akasema polepole, "umefika lini?"

Baba ndiye aliyejibu. "Hajaenda, mama. Visa haijatoka. Tuliona haya."

Mama alifunika uso kwa mikono. Kiongozi wa kwaya akanitazama, akacheka mpaka akashika kiti cha pikipiki asianguke. Kisha akasogea, akanifuta povu machoni kwa ncha ya kikwembe chake, akaninong'oneza: "Yule mwana wangu wa Canada iko Kampala. Usimwambie mama yako."

Visa ilitoka Jumanne iliyofuata. Safari hii hatukumwita mtu. Mama alinisindikiza mpaka mpakani, maana ndege ningeipandia nchi jirani, akanikumbatia haraka-haraka, akasema nisikawie, nyuma yangu kuna foleni. Nilipogeuka nikiwa upande wa pili, nilimwona bado amesimama kwenye jua, analia vibaya, kamasi na yote, na baba anamtafutia kitambaa mifukoni mwake.